Mechi tano ndani ya siku sita: chuo cha Sewanee kiliwezaje mwaka 1899?

Mwalimu wa Malimbe anauliza:

Ndugu wasomaji, salamu kutoka Mwanza. Ninasimamia timu ya mpira wa miguu ya chuo kimoja hapa jijini, na nimeleta swali ambalo nimelibeba tangu wiki iliyopita. Ratiba ya mashindano ya vyuo tuliyoipokea inatutaka tucheze mechi tano ndani ya siku sita: tatu mfululizo, siku moja ya kupumzika, kisha mbili mfululizo. Niliposimama mbele ya vijana na kuwaambia kwamba nitaandika barua ya kuomba ratiba hiyo iangaliwe upya, nahodha wangu, kijana mwenye adabu na anayesoma sana, aliinua mkono akasema kwamba huko Marekani kulikuwa na chuo kidogo kiitwacho Sewanee, ambacho mwaka 1899 kilicheza mechi tano ndani ya siku sita, zote ugenini, kikashinda zote bila wapinzani kupata hata pointi moja. Nao, alisema, walicheza kwa mpangilio huu huu wetu: tatu, mapumziko, mbili. Chumba kizima kilishangilia, na barua yangu ikabaki mfukoni.

Sikutaka kumpinga mwanafunzi kwa jambo nisilolijua. Ninachokijua ni kwamba ule ni mpira wa Kimarekani, wa kushikwa mkononi na kukumbana vifua, wala si huu wetu wa miguu. Naomba anayefahamu anieleze kama habari hii ni ya kweli au imekuzwa na wasimuliaji. Kama ni ya kweli, waliwezaje? Mimi mwenyewe nimecheza mpira tangu shule ya msingi, na ninajua miguu inavyokuwa siku ya tatu. Na lililo zito zaidi kwangu: je, ni haki kuitumia habari hiyo kuwapeleka vijana uwanjani kwa ratiba ya namna hii, hasa ikizingatiwa kwamba bajeti yetu inaruhusu kusafiri na wachezaji 18 tu?

Mzee wa Mirongo anajibu:

Mwalimu, nahodha wako hakukudanganya. Habari hiyo ni ya kweli, na tarehe zake zinajulikana siku kwa siku, kwa hiyo nitaanza na hizo.

Sewanee ni mji mdogo ulio juu ya uwanda wa milima ya Cumberland, katika jimbo la Tennessee, na watu huliita kwa jina la mji huo lile taasisi ambalo jina lake rasmi ni Chuo Kikuu cha Kusini, lililoanzishwa na maaskofu wa Kianglikana wa huko mwaka 1857. Mwaka 1899 timu yao ilipanda treni na kwenda kusini-magharibi. Alhamisi, tarehe 9 Novemba, waliifunga timu ya chuo cha Texas 12-0 mjini Austin. Ijumaa walikuwa Houston, wakaifunga Texas A&M 10-0. Jumamosi walikuwa New Orleans, wakaifunga Tulane 23-0. Jumapili hawakucheza, kwa kuwa chuo kilikuwa cha kanisa na siku hiyo iliheshimiwa. Jumatatu waliifunga LSU, yaani chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, 34-0 mjini Baton Rouge, na Jumanne, tarehe 14, wakaifunga Mississippi 12-0 mjini Memphis, ndipo wakarudi nyumbani. Kwa jumla walipata pointi 91, na wapinzani wote watano hawakupata kitu. Safari nzima ilikuwa ya takriban kilomita 4,000.

Tena hiyo ilikuwa sehemu tu ya msimu. Kabla ya safari walikuwa wameshazifunga Georgia 12-0, Georgia Tech 32-0, Tennessee 46-0 na chuo cha Kipresbiteri cha Southwestern 54-0. Waliporudi waliifunga Cumberland 71-0. Kisha tarehe 30 Novemba wakakutana na Auburn mjini Montgomery, na hapo ndipo nusura waangukie pua, kwa maana walishinda 11-10 tu. Pointi hizo 10 za Auburn ndizo pekee walizofungwa mwaka mzima. Kocha wa Auburn alikuwa John Heisman, ambaye jina lake hadi leo limo kwenye tuzo anayopewa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Siku mbili baadaye Sewanee wakaifunga North Carolina 5-0 mjini Atlanta. Mechi 12, ushindi 12, pointi 322 kwa 10.

Sasa waliwezaje? Watu hupenda kusimulia habari ya vifua vya chuma, na kweli wachezaji wale waliitwa watu wa chuma, lakini mimi naona mtu wa kumtazama kwanza ni meneja wa timu, mwanafunzi mwenzao aliyeitwa Luke Lea, aliyekuwa na umri wa miaka 20. Ndiye aliyeipanga safari ile. Sababu yake ilikuwa fedha: Sewanee walikuwa wamegombana na jirani zao wa Vanderbilt kuhusu mgawo wa mapato ya mlangoni, mechi yao ya kila mwaka ikafutwa, na pamoja nayo likapotea pato kubwa la msimu. Lea akatafuta wapinzani wakubwa walio kwenye njia moja ya reli, ili gharama ya safari moja izae viingilio vya mechi tano. Kwa hiyo ratiba ile haikubuniwa ili kupima ushujaa wa mtu. Ilibuniwa ili kuziba pengo la hesabu, na sehemu hiyo ya habari huwa haisimuliwi.

Lakini tazama alivyoipanga. Alichukua wachezaji 21. Alikodi behewa la kulala, ili vijana walale wakati treni inatembea usiku na waamke wakiwa mji mwingine. Alipakia mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya mlimani kwao, wasije wakanywa maji ya kila mji wanaofika. Walikuwa na mtu wa kuwakanda misuli njiani. Inasimuliwa hata kwamba viatu vya kuchezea vilisahaulika stesheni walipoondoka, na ikabidi Lea apige simu ya maandishi ili viwafuate. Huyu ndiye Lea ambaye baadaye alikuwa seneta wa Tennessee kuanzia mwaka 1911 hadi 1917, na ambaye Januari 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikwenda Uholanzi na wenzake wachache wakijaribu kumkamata Kaiser Wilhelm wa Pili, aliyekuwa mfalme wa Ujerumani, jaribio ambalo halikufanikiwa. Nimelitaja kwa sababu ni Kaiser huyo huyo ambaye bendera yake ilikuwa ikipepea hapa Mwanza katika mwaka ule wa 1899.

Kwa swali lako la haki, Mwalimu, nawaachia wanaojua mwili wa binadamu.

Beki wa Kushoto anajibu:

Shikamoo Mzee. Nimefurahi kusoma, lakini naomba kutofautiana kidogo kwa heshima. Mimi ni mwanafunzi na ni mchezaji. Ninavyoona, habari yote hii inathibitisha alichosema nahodha: walikuwa 21, sisi tutakuwa 18, walisafiri kilomita 4,000, sisi tunakwenda mkoa wa jirani na kulala sehemu moja. Mchezo wao ulikuwa mgumu kuliko wetu. Ikiwa wao waliweza, kwa nini sisi tuanze kwa barua ya malalamiko? Timu ikiandika barua kabla ya kucheza inakuwa imeshajishusha mbele ya wapinzani. Naomba pia kujua, Mzee, kama mechi zao zilikuwa ndefu kama zetu, maana nimesikia kwamba mpira wa Kimarekani una kusimama kwingi.

Mzee wa Mirongo anajibu:

Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho ni zuri, na ndilo linalotenganisha mambo haya mawili.

Katika mpira wa wakati ule, timu ilipewa nafasi tatu za kusogeza mpira yadi 5, ambazo ni kama mita nne na nusu. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuurusha mpira mbele kwa mkono kulikatazwa, na hakukuruhusiwa hadi mwaka 1906, kwa hiyo mchezo ulikuwa ni kusukumana kwa mabega katikati ya uwanja, kuanguka, kuinuka, kujipanga, kusukumana tena. Kuvusha mpira kwenye mstari wa mwisho kulileta pointi 5, na teke la nyongeza likaleta 1. Mchezaji aliyetolewa hakurudi tena, na wale wale walioshambulia ndio waliolinda. Ulikuwa mchezo wa kuumiza kuliko wetu, hilo sikatai. Lakini mbio zake zilikuwa fupi, na kati ya msukumano mmoja na mwingine mtu aliweza kuvuta pumzi. Kiungo wa timu yenu hukimbia karibu kilomita 10 katika dakika 90, huku akigeuka na kusimama ghafla mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Sidhani kwamba unaweza kuchukua uchovu wa mchezo mmoja na kuupimia mwingine kama unavyopima sukari dukani.

Na kwa habari ya ugumu wenyewe, usiusifu sana kabla hujajua ulikoishia. Miaka sita tu baada ya Sewanee, mwaka 1905, viliripotiwa vifo 18 vya wachezaji katika mpira huo huko Marekani. Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton, na mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa: mpira ukaruhusiwa kurushwa mbele, na yadi 5 zikawa 10, ili mchezo utawanyike na watu wasirundikane. Waliokuwa wakiuona mchezo ule kwa macho yao, miongoni mwao wakiwa watu walioupenda kwa dhati, ndio waliosema kwamba haufai kuachwa ulivyo.

Mkanda Misuli wa Nyegezi anajibu:

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni tiba ya viungo. Nimehudumia wachezaji wa vyuo na wa mitaani kwa miaka kadhaa, na nimeguswa na swali lako kwa sababu ratiba za namna hii ndizo zinazowaleta vijana mezani kwangu.

Nianze na mwili. Mchezaji akimaliza mechi ya dakika 90, akiba ya nguvu iliyo ndani ya misuli ya mapaja yake inakuwa imepungua sana, na kuijaza tena kwa chakula huchukua siku moja hadi tatu, kutegemea anakula nini na mapema kiasi gani. Maumivu ya misuli hayafiki kilele usiku ule wa mechi, bali siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo kijana anayekwambia asubuhi ya siku ya pili kwamba yuko sawa anaweza kuwa anasema kweli, na bado siku ya tatu msuli wa nyuma ya paja ukachanika akiwa anakimbia peke yake bila kuguswa na mtu. Nimeliona hilo mara nyingi mno kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nimeziangalia pia zile namba za Mzee: 12, 10, 23, kisha Jumapili, kisha 34, kisha 12. Siku yao ya pointi nyingi kuliko zote ni ile iliyofuata mapumziko. Sisemi kwamba Jumapili peke yake ndiyo iliyofunga zile 34, maana sijui LSU walikuwa na nguvu kiasi gani mwaka ule, lakini ningekuwa kocha namba hiyo ingenifanya nifikiri.

Kuhusu yale mapipa mawili ya maji, naomba nikae hapo kidogo. Wengi husimulia jambo hilo kama kichekesho cha vijana wa mlimani waliobeba maji yao, na kwangu mimi ndilo jambo la busara kuliko yote waliyoyafanya. Wakati ule homa ya matumbo iliua watu wengi katika miji ya kule, na timu ambayo wachezaji wanne wanaharisha haiwezi kucheza hata mechi moja, sembuse tano. Hapa kwetu ziwani tunalo tatizo la aina hiyo hiyo, tena ni la mlango wa pili. Baada ya mazoezi vijana hupenda kushuka ufukweni wakaingia majini hadi kiunoni ili kupooza miguu. Maji ni ya baridi na yanaburudisha, lakini kichocho hakihitaji kunywewa. Kinapita kwenye ngozi. Ukitaka kuwapooza miguu, weka beseni la maji ya bomba pembeni mwa uwanja. Na maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe, yabebwe kwenye madumu yenu wenyewe, na mmoja wenu akabidhiwe madumu hayo kwa jina.

Mwanangu Beki, neno moja kwako. Umesema wao walikuwa 21 nanyi mtakuwa 18, kana kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Timu inaanza na wachezaji 11. Ukiwatoa makipa wawili kwenye hao 18, unabaki na 16 wa kugawana nafasi 10 kwa siku tano. Wakiumia wawili tu katika mechi ya kwanza, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Mtoto wa Stesheni anajibu:

Naomba kuongeza kuhusu usafiri, kwa kuwa baba yangu alifanya kazi reli na mimi nimekulia karibu na stesheni ya Mwanza.

Mnaposema kilomita 4,000 kwa treni, watu wa hapa wapime kwa njia wanayoijua. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa reli ya zamani, kupitia Tabora, ni kama kilomita 1,200 na kidogo. Vijana wale walisafiri umbali wa kwenda Dar, kurudi Mwanza, kwenda tena Dar, na bado wakabakiwa na umbali kama wa kutoka Mwanza hadi Shinyanga na zaidi. Mwaka ule wa 1899 sisi huku ziwani tulikuwa bado hatujauona moshi wa treni: reli kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza imefika Nairobi, ikafika Kisumu mwaka 1901, na hapa Mwanza tukaisubiri hadi mwaka 1928. Kwao, treni ilikuwa tayari ni jambo la ratiba, na Lea aliweza kukaa na kuhesabu saa.

Nimesafiri na timu kwa basi na kwa meli ya Bukoba, na ninaweza kusema kwamba anayelala kitandani na anayelala ameketi hawaamki sawa. Usiku mmoja wa basi, magoti yakiwa yamekunjwa na shingo imelalia dirisha, humwacha mchezaji akiwa ameshacheza nusu mechi. Behewa la kulala lilikuwa msaada mkubwa kwa Sewanee, labda mkubwa kuliko kitu kingine chochote. Mwalimu, uliza mtalala wapi na juu ya nini, tena uliza mapema, kwa maana sakafu ya darasa yenye godoro jembamba si kitanda.

Mwalimu wa Malimbe anajibu:

Ninawashukuru wote kwa dhati, na ninakuomba radhi Mzee kwa kuchelewa kurudi, maana jana jioni nilikuwa na kikao na vijana.

Niliwasomea majibu yenu yote, neno kwa neno, pamoja na la Beki wa Kushoto, kwa kuwa sikutaka waone kwamba nimechagua yanayonifaa mimi. Nahodha alisikiliza kimya. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: hao wachezaji 21 wa Sewanee, chuo chao kiliwafanyia nini baadaye?

Sikuwa na jibu. Lakini mazungumzo yaligeuka kuanzia hapo. Kijana mmoja wa kiungo, ambaye huwa hasemi, alikiri kwamba alicheza mashindano ya mwaka jana akiwa na maumivu ya nyonga tangu siku ya pili na hakumwambia mtu, kwa sababu aliogopa kuonekana dhaifu mbele ya wenzake. Mwaka jana nilikuwa nimekaa kwenye benchi mita 20 kutoka kwake, na sikuona. Jambo hilo limeniuma kuliko matokeo yoyote tuliyowahi kuyapata.

Tumekubaliana hivi. Barua nimeiandika na nahodha ameitia saini pamoja nami. Hatukuomba kupunguziwa mechi. Tumeomba siku ya mapumziko iongezwe iwe mbili, na kwamba kila timu iruhusiwe kusajili wachezaji 22, hata kama wanne watajigharamia nauli, kwani wazazi wawili wamekwisha kujitolea kuchangia. Ombi likikataliwa, tutakwenda, lakini mchezaji yeyote asiye kipa hataanza zaidi ya mechi mbili mfululizo, hata ikiwa tutapoteza. Madumu ya maji amekabidhiwa kipa wa pili. Nahodha mwenyewe ndiye aliyependekeza jina hilo.

Mzee, kama unajua jibu la swali lake, naomba unisaidie.

Mzee wa Mirongo anajibu:

Mwalimu, mwambie nahodha kwamba ameuliza swali ambalo wengi wanaoisimulia habari hii hawaliulizi.

Ninavyofahamu, wachezaji wale walikumbukwa. Nahodha wao, Henry Seibels, aliingizwa mwaka 1973 katika jumba la heshima la mpira wa vyuo vya Marekani, miaka 74 baada ya msimu ule. Chuo chenyewe kilifuata njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1932 kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ligi kubwa ya vyuo vya kusini-mashariki, pamoja na wale wale iliokuwa imewafunga: LSU, Tulane, Mississippi, Auburn, Georgia, Tennessee. Vyuo hivyo vilikuwa vimekua, vikawa na wanafunzi wengi na fedha nyingi, nayo Sewanee ikabaki ndogo juu ya mlima wake. Katika ligi hiyo haikushinda hata mechi moja. Mwaka 1940 ikajitoa, ikaamua kwamba wanafunzi wake watacheza kama wanafunzi, bila kulipiwa masomo kwa sababu ya mpira. Hadi leo chuo kipo, timu ipo, na wanacheza hivyo hivyo.

Mkirudi kutoka kwenye mashindano, naomba uje utueleze yule wa nyonga anaendeleaje.